Vifaa vya mlimani kutoka Marekani: kipi kipande ndege na kipi ukitafute Moshi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msaidizi wa mwongoza wageni Mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu, huu ni mwaka wangu wa pili mlimani. Nimeona vifaa kwenye duka moja la Marekani: buti, begi la kulalia, koti la manyoya ya bata, taa ya kichwani, na jiko dogo la gesi na mitungi yake. Duka lenyewe halileti Tanzania. Mwenzangu kanishauri nifungue anwani kwenye kampuni inayokupokelea vifurushi kule halafu inakutumia huku. Je, vitanifikia kweli? Nitalipa kiasi gani mpaka nivishike mkononi? Na ni kweli wakiandika "zawadi" kwenye boksi sitozwi ushuru? Nimedunduliza dola 900, na nimevaa buti za kuazima vya kutosha.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Vitakufikia, hilo lisikunyime usingizi. Biashara ya kupokelea watu vifurushi ni ya miaka mingi na kampuni zinazojulikana zinafanya kazi yake. Swali lako la pili ndilo zito, na halijibiwi kwa namba moja, kwa sababu vitu vitano ulivyovitaja havisafiri kwa gharama moja. Koti na taa, agiza. Begi la kulalia, agiza ukiwa na pesa zaidi na kwa masharti nitakayokueleza. Buti, usiagize. Mitungi ya gesi haipandi ndege hata ulipe mara tatu.

Kwanza ujue unanunua nini kwa hizo kampuni. Ukijisajili unapewa anwani ya ghala lao, mara nyingi katika jimbo lisilotoza kodi ya mauzo kama Oregon au Delaware, pamoja na namba yako ya mteja. Hiyo namba ndiyo jina lako pale ghalani. Ikikosekana kwenye anwani, kifurushi kinafika, kinakaa kwenye rafu ya visivyo na mwenyewe, na wewe unaanza kuandikiana barua pepe na mtu wa huduma kwa wateja ukimtumia picha za risiti. Iandike palepale duka linapoomba mstari wa pili wa anwani, wala usiiweke kwenye "maelezo kwa muuzaji", kwa sababu maelezo hayo hayachapwi kwenye lebo.

Mzigo ukifika wanakupigia picha, wanauweka bure kwa siku kadhaa (soma ni ngapi, baada ya hapo saa ya kulipia rafu inaanza kuhesabu), na ukiagiza maduka mawili au matatu wanaviunganisha vifurushi kuwa kimoja. Kisha unachagua usafiri na kulipa.

Kabla ya hapo kuna kikwazo cha malipo ambacho watu wengi hawakitarajii. Maduka ya Marekani hulinganisha anwani uliyoandika na ile iliyo kwenye kumbukumbu za benki iliyotoa kadi. Kadi yako ni ya Moshi, mzigo unakwenda Oregon, basi mfumo unaona harufu ya wizi na kufuta oda, wakati mwingine bila hata kukuambia sababu. Piga simu benki wakufungulie manunuzi ya mtandaoni, halafu angalia kama duka linapokea malipo kwa PayPal, maana huko vurugu hupungua. Ikishindikana, kampuni nyingi za kupokelea zina huduma ya kukununulia kwa kadi yao. Wanakukata asilimia fulani, lakini kwa kitu kimoja cha bei si hasara.

Sasa tuje kwenye uzito, maana hapa ndipo pesa inapoondokea. Ndege haijai kwa kilo tu, inajaa kwa nafasi. Kwa hiyo wasafirishaji wakubwa wa kimataifa wanachukua urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, wanazidisha, wanagawa kwa 5,000, na jibu wanaliita kilo. Halafu wanalinganisha na mizani na kukutoza ile iliyo kubwa. Huo ndio uzito wa ujazo.

Chukua hilo begi lako la kulalia. Begi zuri la manyoya lina uzito wa kilo moja na kidogo. Lakini duka halilitumi likiwa limeshindiliwa. Linatumwa limejiachia ndani ya mfuko mpana wa kuhifadhia, kwa sababu manyoya yakikandamizwa muda mrefu hufa. Tuseme limekuja kwenye boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 40. Zidisha: 80,000. Gawa kwa 5,000: kilo 16. Utalipia kilo 16 za hewa ya Marekani. Begi lilelile likisukumwa kwenye mfuko wake mdogo, likaingia boksi la 20 kwa 20 kwa 40, linakuwa kilo 3.2. Kwa hiyo sharti la kwanza la begi ni hili: kabla hujalipa usafiri, waandikie ghalani walitoe kwenye mfuko mkubwa, walishindilie kwenye mfuko wake wa safari, walifungashe upya kwenye boksi dogo. Na uwaombe vipimo vya boksi jipya kwa maandishi. Wiki mbili tatu za kukandamizwa haziliui begi. Likifika tu, lifungue, litundike, na usilirudishe kwenye mfuko mdogo mpaka siku ya kupanda.

Magodoro ya povu ndiyo mabaya kuliko yote kwa hesabu hii. Lile la Therm-a-Rest la kukunja kama akodiani, Z Lite Sol, lina gramu 410 tu, lakini likikunjwa lina sentimita 51 kwa 13 kwa 14, yaani karibu kilo mbili za ujazo hata kabla halijaingia kwenye boksi. Hukuliuliza, ila najua utalitamani ukishafika kwenye ukurasa wa magodoro. Liache hukohuko.

Koti la manyoya lina tabia nyingine. Linashuka mpaka ukubwa wa mkate likisukumwa, na ukikosea kidogo saizi bado linavalika, kwa sababu mlimani unalivaa juu ya nguo nyingine zote. Chukua saizi itakayokaa juu ya sweta na koti la mvua bila kubana kwapani. Taa ya kichwani ni ndogo zaidi, inaweza kuingia kwenye mfuko wa hilo koti. Kitu kidogo, cha bei, kisichohitaji kujaribiwa mwilini: kwa bidhaa ya namna hiyo anwani ya Oregon inalipa. Kadiri kifaa kinavyokwenda mbali na maelezo hayo, ndivyo unavyopoteza.

Tukija kwenye ushuru, nitakufanyia hesabu ya koti ili uone sura yake. Forodha ya Afrika Mashariki haitozi bei ya dukani peke yake. Inajumlisha bei, usafiri na bima, na hiyo jumla ndiyo thamani ya forodha. Nguo ziko kwenye kundi la juu la ushuru wa pamoja wa Jumuiya, asilimia 35, tangu viwango vipya vya Julai 2022. Juu ya hapo inakuja VAT ya Tanzania Bara, asilimia 18, nayo inatozwa kwenye thamani pamoja na ushuru wenyewe.

Tuseme koti ni dola 200 na sehemu yake ya usafiri ni 40. Thamani ni 240. Ushuru asilimia 35 ni 84, tumefika 324. VAT ya asilimia 18 ni dola 58 na senti. Jumla 382, na bado tozo ya reli, ada ya forodha na malipo ya wakala wa kukutolea mzigo forodhani hayajaguswa. Koti la dola 200 limekaribia 400. Ukiona hivyo usiseme umeibiwa, hiyo ndiyo bei yake ya Moshi, na ndiyo bei unayopaswa kuiweka kichwani unapolitazama kule dukani.

Kila kifaa kina namba yake kwenye kitabu cha ushuru. Begi la kulalia lipo 9404.30, taa ya kichwani 8513.10, buti za ngozi 6403. Mwulize wakala wako kiwango cha kila namba siku hiyo ya kuagiza, kwa sababu kila Julai nchi za Jumuiya huchapisha mabadiliko yao, na kilichokuwa kweli mwezi wa sita huenda si kweli mwezi wa saba.

Utakutana pia na kampuni zinazotangaza bei moja kwa kilo, "ushuru ndani". Kwa mtu wa kifurushi kimoja ni raha: hujui wakala, hujui fomu, unalipa na kuchukua Kariakoo au Arusha. Mimi sizipingi. Ila uliza swali moja: je, nitapata nyaraka ya forodha yenye jina langu na TIN yangu? Wakianza kuzungukazunguka, ujue mzigo wako umepita ndani ya mzigo wa mtu mwingine, na siku ukishikiliwa huna karatasi ya kuonyesha kwamba ni wako.

Hilo linanileta kwenye "zawadi". Hapana. Mtu wa forodha hasomi neno lililoandikwa kwenye boksi, anasoma kilichomo. Koti jipya lenye lebo ya duka, lililotoka kwenye ghala la kampuni ya vifurushi, ni zawadi ya nani? Wana mamlaka ya kuitupa bei uliyotangaza na kukadiria yao, na makadirio yao hayajui kwamba ulinunua kwenye punguzo. Kudanganya kwenye nyaraka za forodha ni kosa kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki, na adhabu yake inafika kifungo. Lakini hata ukiacha sheria pembeni: bima inakulipa kwa thamani uliyotangaza. Ukiandika dola 20 na kifurushi kikapotea njiani, utalipwa dola 20. Kinachokusaidia kwa halali ni ankara ya duka inayoonyesha bei halisi uliyolipa baada ya punguzo, na uthibitisho wa malipo wa benki. Vipige picha na uvipakie kwenye akaunti yako ya ile kampuni kabla mzigo haujaondoka.

Buti sasa. Najua ndizo zinazokuuma zaidi, na ndizo ninazokukatalia.

Saizi za buti si vipimo vya serikali. Namba 39 ya kiwanda kimoja cha Italia na 39 ya kiwanda cha Marekani zinaweza kupishana nusu saizi nzima, na upana ndio kabisa, kila chapa ina kalibu yake. Wewe si mgeni wa kupanda mara moja. Unashuka kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, mpaka kambi ya Horombo, mita 3,720, siku moja, mguu umevimba, kidole gumba kinagonga mbele kwa masaa. Nusu saizi hapo ni ukucha mweusi. Buti inajaribiwa jioni, mguu ukiwa umechoka, na soksi utakazovaa kweli, ukisimama kwenye kitu kilichoinama ili uone kama kidole kinafika mbele. Hakuna ghala litakalokufanyia hivyo. Na muda wa kurudisha bidhaa unaanza kuhesabiwa siku boksi lilipofika Oregon, si siku ulipolivaa Marangu. Mpaka likufikie dirisha limefungwa au limebakiza siku mbili, na kulirudisha ni kulipia ndege upya.

Nenda soko la Memorial pale Moshi. Usinicheke. Buti nyingi nzuri za mlima huu zimepita pale, za mitumba na za wageni walioziacha. Ila buti ya mtumba ina ugonjwa mmoja ambao wauzaji hawautaji. Kati ya ngozi na soli ya chini kuna tabaka laini la kuzuia mshtuko, na kwenye buti nyingi tabaka hilo ni la poliurethani. Unyevu wa hewa huivunja poliurethani polepole kwa miaka, hata buti ikiwa kabatini haijavaliwa. Kwa nje inang'aa, ngozi safi, soli haijaisha, na ukiwa juu ya Kibo saa kumi alfajiri soli nzima inabanduka kama ganda la chungwa. Kwa hiyo shika buti, bonyeza lile tabaka la pembeni kwa kucha ya kidole gumba. Likirudi kama mpira, vizuri. Likibaki na alama, likitoa unga, au ukiona nyufa ndogondogo kama za udongo uliokauka, rudisha hata kama anakuuzia kwa elfu kumi. Kunja na pua ya buti uangalie kama gundi inafunguka. Ukikosa Memorial, maduka ya kukodisha vifaa Moshi na Arusha huuza ya kwao msimu ukiisha, na pale unajaribu mguuni.

Mitungi ya gesi ni bidhaa hatari kwa sheria za usafiri wa anga. Ghala litaikamata na kuiharibu, nawe unaweza kutozwa ada ya kuiharibu. Jiko lenyewe, jipya, lisilo na harufu ya mafuta, linasafiri bila shida. Swali ni utaliwasha kwa nini. Kabla ya kuagiza, tafuta kwanza mtungi unaopatikana Moshi au Arusha na uangalie mdomo wake: kuna wa kusokota na kuna wa kubonyeza, na jiko la mmoja halikai kwenye mwingine. Ukiniuliza, msaidizi wa njia ya Marangu ambaye kampuni yake ina wapishi hahitaji jiko lake mwenyewe. Lifute kwenye orodha.

Betri nazo zina sheria zake. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu ioni zinazosafiri peke yake, pawabenki zikiwemo, haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, na kampuni nyingi za vifurushi hazizigusi kabisa. Betri iliyo ndani ya kifaa chake inapita ikitangazwa. Kwa hiyo chagua taa yenye betri ndani, au, ambayo mimi naipenda zaidi kwa kazi yako, inayotumia betri ndogo za AAA unazozipata mjini. Betri za kawaida hulegea kwenye baridi. Siku ya kilele beba seti ya akiba kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Mawili ya haraka hapa. Usiagize begi au koti la rangi za kijeshi hata likiwa nusu bei. Yale ya wawindaji wa Marekani ndiyo hupunguzwa sana, na huku raia hana ruhusa ya kuvaa sare zinazofanana na za jeshi. Na redio za upepo au vifaa vya setilaiti ni habari za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza, ndipo kuagiza.

Narudi kwenye begi la kulalia, kwa sababu kuna mtego wa namba. Wamarekani huyapa mabegi majina kwa nyuzi za Farenhaiti. Begi linaloitwa 20 ni la nyuzi 7 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Linaloitwa 0 ni la 18 chini ya sifuri, wala si la barafu inapoanza. Watu wanaliona hilo la 0, wanadhani ni jepesi mno, wanaruka kwenda la bei mbaya zaidi. Halafu tazama kama kipimo ni cha ISO 23537, kiwango cha kimataifa cha mabegi ya kulalia, na usome namba ya starehe (comfort), si ya kikomo (limit). Kikomo kimepimwa kwa mwanamume wa kawaida aliyejikunyata; ya starehe ndiyo imelengwa kwa mwanamke. Nyinyi wa Marangu mnalala kwenye nyumba, hata Kibo kwenye mita 4,720 upepo haukufikii moja kwa moja. Starehe ya nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri inakutosha. Mtu wa Machame au Lemosho anayelala hemani nisingemwambia hivyo.

Kuhusu njia ya mkato ya kumwomba mgeni akubebee: inafanyika, na mgeni anayekuja kupanda na kampuni yako mara nyingi hufurahi. Lakini iwe taa, soksi, koti moja, kitu ambacho umeshakilipia na kimefika nyumbani kwake. Usimgeuze mgeni kuwa kargo, na mwambie ukweli kwamba akiulizwa uwanjani KIA aseme ni vya nani.

Njia ya Guangzhou nayo usiidharau. Watu wa Kariakoo wana mawakala kule wa siku nyingi, na China ina chapa zake halisi za mlimani, kama Kailas ya hukohuko Guangzhou na Naturehike. Kwa hema na mabegi ya mgongoni mimi ningepita huko kabla ya Marekani. Kinachouzwa kule kwa jina la North Face kwa dola 30, hicho si North Face.

Sasa dola zako 900. Koti karibu 400, taa na gharama zake chini ya 100. Buti uzitafute Memorial kwa pesa za hapa. Zitakazobaki hazitoshi begi zuri likiwa limeshalipiwa kila kitu, na kulazimisha kutakufanya ununue begi bovu. Endelea kutumia la kampuni mwaka huu. Nguo za baridi hushushwa bei kule Februari na Machi, majira yao ya baridi yakiisha, nasi huku masika yanaingia na mlima unapungua watu. Agiza koti na taa wakati huo pamoja, kifurushi kimoja, na vitakuwa vimetoka forodhani kabla wageni wa Juni hawajaanza kushuka KIA. Begi lisubiri Februari ya mwaka unaofuata, likija peke yake, kwenye boksi la 20 kwa 20 kwa 40.